Jiwe Ambalo Sikuliweka

Kwenye boti ya baba kazi yangu ilikuwa viatu. Msinicheke. Boti yetu iliitwa Subira, ya mbao, ndefu, yenye mota ya Kijapani nyuma. Ilivusha watu na magunia ya unga wa muhogo kati ya Baraka na vijiji vya rasi ya Ubwari, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Kila abiria alivua viatu kabla ya kupanda, maana mbao zikipata matope zinavunja watu miguu. Viatu viliingia kwenye beseni langu kubwa la bluu, na mtu akishuka alichukua vyake.

Beseni lile lilikuwa na kazi nyingine. Baba hakuruhusu watu wahesabiwe kwa mdomo ndani ya boti. "Ukihesabu batu, ziwa nayo itahesabu," alisema, na hakuwa anatania. Kwetu hata mama wa watoto wanane ukimuuliza anao wangapi, atakujibu "wako" na kubadilisha mazungumzo. Kwa hiyo hatukuhesabu watu, tulitazama viatu. Aliyekuja peku nilimwekea jiwe kwenye beseni, na akishuka nililitupa majini. Tukifika, baba aliuliza neno moja tu, viatu kwa Kiswahili chetu: "Bilatu?" Nami nikajibu, "Biliisha, papa." Beseni tupu, boti tupu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mdomo mkali. Siku ya soko, wiki moja kabla ya mambo kuharibika, wamama wawili wa kwaya waligombana ufukweni kwa sababu viatu vyao vilifanana, mpaka nikawaambia wavae kimoja kimoja wakaimbe hivyo hivyo Jumapili. Kaka yangu Etabo, aliyekuwa fundi wa mota, alicheka hadi akaangusha spana majini. Mkewe, Sifa, alikuwa na mimba kubwa, na miguu yake ilikuwa imevimba. Jioni tulikula samaki kwao, mama yake Sifa akanisifia mchuzi. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka nikitaka kukumbuka kwamba tuliwahi kuwa watu wa kawaida.

Haya nisingeyaandika kama si mzee mmoja wa Buffalo, Marekani.

Mwaka 2015 nilikuwa nikifanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Mzee Hayashi, mwenye miaka karibu tisini, aliishi peke yake West Side, kwenye nyumba ya mbao si mbali na Grant Street, ninakonunua sombe na dagaa. Alizaliwa Japani, akaoa Mmarekani, akafanya kazi kwenye kiwanda cha chuma cha Lackawanna mpaka tanuru zikazimwa. Siku ya kwanza nilipoingia alinionyesha mlangoni kwa fimbo. Nivue viatu. Nikavua. Akainama taratibu, mgongo unalia, akavigeuza ncha zikatazama nje na kuvipanga sambamba na vyake. Nilisimama pale na soksi zangu, nikivitazama kwa sababu ambayo nisingeweza kumwambia mtu.

Alikuwa na daftari. Ndani alikuwa amenakili historia ya utumishi wa manowari aliyopanda akiwa na miaka kumi na minane, manowari nyembamba yenye mbio, ya kusindikiza meli za mizigo na kuwinda nyambizi. Kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka, alinifundisha kufuata mistari kwa kidole huku yeye, aliyeijua yote kwa kichwa, akinifasiria Kijapani kile kwa Kiingereza chake cha polepole. Iliondoka bandari fulani. Ilisindikiza meli fulani. Iliokoa askari kwenye kisiwa fulani. Ilishambuliwa na ndege, ikapata uharibifu kidogo, ikarudi kutengenezwa.

Kwenye mstari huo alinizuia mkono.

"Uharibifu kidogo," alisema. "Mimi nilikuwa chini, kwenye chumba cha tanuru za injini. Maji yaliingia chumba cha jirani. Ofisa akaniamuru nifunge mlango wa chuma. Nikaufunga. Waliokuwa upande wa pili waligonga."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka walipoacha."

Baadaye manowari ile ilizama na karibu watu wote, yeye akiwa hospitali amelazwa kwa kuungua. Daftari lilisema ilizama wapi, kwa namba za ramani. Kuhusu mlango halikusema chochote. Aliniambia hakumsimulia hata mkewe.

"Boti ya baba yako," akaniuliza, "historia yake nani anayo?"

Nikamwambia boti za kwetu hazina historia. Nikaenda jikoni kumpikia wali, nikauunguza.

Jibu langu lilikuwa la uongo, na wiki hiyo hiyo uongo wangu mwingine ulinipigia simu. Alikuwa Sifa, mjane wa Etabo, mkimbizi aliyepangiwa kuishi Louisville kama mimi nilivyopangiwa Buffalo. Sisi tuliitana wifi, na kwa miaka karibu ishirini hatukupitisha Jumapili bila kuongea.

"Bon, wifi, nilipata pasipoti," alisema, sauti imejaa furaha. "Ninaenda Ubwari. Ninaenda kujengea Etabo na mama kaburi zabo, na simenti, na msalaba. Donc unichoree ramani. Kaburi zote mbili."

Nilisema ndiyo, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za nyumba. Mimi ndiye niliyemwambia, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwamba mumewe na mama yake walikufa kwa risasi siku moja, na tukawazika bega kwa bega chini ya mawe makubwa mawili. Kaburi la Etabo lipo. La pili halipo. Sifa angepanda milima ile na mifuko ya simenti, na angechimba.

Basi nitaisema historia ya Subira.

Wanajeshi waliichukua asubuhi, baba akiwa anakunywa chai. Wa upande gani, mniwie radhi, kwetu walibadilisha majina kuliko nguo. Walifunga bunduki ya rashasha mbele na kumwambia baba aendeshe la sivyo waendeshe wao na yeye abaki chini ya maji. Etabo walimchukua kwa sababu mota ilimjua yeye tu. Mimi walinichukua niwapikie. Safari ya kwanza tulipeleka masanduku ya risasi kusini. Ya pili tulirudi na majeruhi na mbuzi, na mbuzi ndio waliopewa kivuli. Ya tatu sitaieleza. Baada yake niliosha mbao kwa mchanga siku nzima na rangi haikutoka.

Wanajeshi hawakuvua viatu. Beseni langu walilifanya la kunawia.

Nilijifunza woga wa kila saa. Si ule wa kupiga kelele. Ni ule wa kujua kila buti liko wapi nyuma yako bila kugeuka. Nililala nimevaa nguo zote, nimejifunga kitenge juu ya kitenge, na baba alilala amekaa, mgongo wake mlangoni kwangu.

Sifa alitangulia kuvuka kwenda Tanzania, akiwa na mimba ya miezi minane, kwa mtumbwi wa watu wengine. Mama yake, Mama Echa, alikataa kwenda. Alisema mwili wake wa homa utawachelewesha. Alikuwa mzee, masikio yake yalikuwa karibu yamekufa, na ulipotaka akusikie ulimshika bega.

Mwezi uliofuata, wanajeshi walipokuwa kwenye kikao juu ya kilima na kuacha walinzi wawili wamelewa kanyanga, pombe kali ya kwetu, baba aliamua kuiiba boti yake mwenyewe. Ilikuwa saa sita za mchana. Watu wa mtaa walikuwa wamejificha kwenye matete tangu alfajiri, na walipoona ishara yake walikuja mbio, wameinama, bila neno.

Nilimwaga maji ya kunawia. Nikashika beseni.

Nacheka sasa nikikumbuka, kicheko kibaya. Risasi zinaweza kuanza wakati wowote, na watu wale wanavua viatu! Hakuna aliyewaamuru. Walivua kwa sababu walikuwa wanapanda Subira, na Subira huipandi na viatu. Wengine walivitupa kutoka mbali, nikavidaka.

Etabo alikuja wa mwisho, amembeba Mama Echa mgongoni. Nikanyoosha mkono nipokee.

"Haiko na bilatu," akasema, akihema.

Niliitazama miguu ya Mama Echa. Ilikuwa peku, nyayo zimepasuka. Jiwe lilikuwa mbele yangu, mawe yalikuwa ufukwe mzima. Ndipo mlinzi mmoja akakohoa juu ya mchanga, na mimi nikaruka ndani ya boti na beseni langu.

Sikuinama. Ni hilo tu. Kuinama ni kitu cha kupumua mara moja.

Etabo alimlaza mbele kabisa, chini ya mbao za sitaha, mahali pa magunia, akamfunika kwa turubai, akakimbilia mota.

Tulikuwa mbali tayari tuliposikia boti yao nyuma. Ilikuwa ya chuma, ya mbio.

Risasi za kwanza zilianguka majini.

Za pili zilipiga mbao.

Etabo aliinama juu ya mota kama mtu anayesikiliza. Nilimwita. Baba akamsogeza kwa mguu, kwa upole, akashika usukani mwenyewe. Hakumtazama usoni. Maji yalikuwa yanaingia ubavuni, watu wanayachota kwa sufuria, kwa kofia, kwa mikono. Mtu mmoja aliomba Zaburi kwa sauti, mwingine akamziba mdomo.

Baba aliingia kwenye kona ya miamba, mahali ambapo wale hawakutuona kwa dakika chache. Tulishuka kwenye maji ya kifuani. Wanaume wawili walimbeba Etabo. Mikono mingi iliingia kwenye beseni.

"Bilatu?" baba aliuliza.

Nikatazama. Bluu tupu, na maji kidogo ya damu.

"Biliisha, papa."

Akafunga usukani kwa kamba, akafungulia mota yote, akaruka. Subira ikatoka nyuma ya miamba peke yake na kushika njia ya ziwa kubwa. Nilielewa. Wangeifuata boti, na sisi wangetuacha. Baba alikuwa ameitoa boti yake ili tupone, boti aliyoijenga kwa miaka minne.

Watu walilala kifudifudi kwenye majani. Baba na mimi tulichungulia kati ya mawe mawili.

Wale waliifuata. Walipiga.

Kisha turubai la mbele likasogea.

Kitambaa chekundu cha kichwa kikatokea. Mama Echa alijikokota nje, akakaa, akatazama huku na huku, mtu aliyeamka na kukuta nyumba haina watu. Hakuwa anasikia risasi. Aliinua mkono, sijui kama alitupungia au alijikinga jua.

Nilifungua mdomo. Baba alinishika uso mzima kwa kiganja chake na kunibana kwenye mchanga. Nyuma yetu kulikuwa na watoto. Ningelia, wale wangegeuka.

Nilipoachiwa, ziwani palikuwa na moshi na magunia yanayoelea.

"Usiseme," baba aliniambia. "Haiwezi kusemwa." Tulimzika Etabo jioni hiyo hiyo, kwa mikono na sufuria. Siku chache baadaye watu wa Ubwari walituvusha hadi Tanzania, na kambini Sifa alikuja kutupokea na mtoto mchanga mgongoni, akitafuta nyuso mbili nyuma yetu. Baba aligeuka kando. Mimi ndiye niliyesema, na maneno yalikuja rahisi mno. Risasi. Palepale. Hawakuumia. Kaburi mbili. Baba alikufa kambini mwaka wa tatu na kuniachia mzigo ule peke yangu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimwambia Mzee Hayashi yote haya siku moja namkata kucha za miguu. Sikumtazama. Alipojibu, hakunipa pole.

"Mke wangu alikufa bila kujua aliolewa na nani," alisema. "Wifi yako yuko hai."

Nikaomba ruhusa ya siku nne kazini na kupanda basi. Buffalo mpaka Louisville ni safari ndefu, na Columbus unabadilisha basi. Pale kituoni Columbus niliikunjua ramani niliyokuwa nimeichora. Nilikuwa nimechora ziwa, kona ya miamba, mawe makubwa mawili, na msalaba mmoja. Nikatoa kalamu. Nikachora msalaba wa pili. Ulitoka mzuri, sawasawa na mwenzake. Nilikaa na karatasi ile basi la Louisville likiitwa, na niliogopa kuliko nilivyoogopa nyuma ya yale mawe, maana pale Ubwari sikuwa na la kuchagua. Dereva alikuwa anafunga mlango nilipokimbia. Ramani niliiacha kwenye pipa la takataka.

Sifa alikuwa ametoka zamu ya ghala, bado amevaa viatu vyake vya kazi vyenye ncha ya chuma. Alipika mboga ya fumbwa kwa karanga, akaniwekea bakuli lililojaa. Binti yake, yule aliyezaliwa kambini, alinisalimia kwa Kiingereza na kwenda chumbani kwake. Sikula. Nikamwambia Sifa kaburi ni moja. Nikamwambia kuhusu turubai, kitambaa chekundu, mkono. Nikamwambia kuhusu beseni na jiwe.

Hakulia. Mafuta yaliganda juu ya fumbwa.

"Miaka yote ile," alisema. "Kila Jumapili, wifi. Kila Jumapili ulikuwa unaniuliza kama nililala muzuri."

"Ndiyo."

"Na alikuwa muzima?"

"Alikuwa muzima."

Akainuka, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nilisubiri anifukuze. Nilikuwa nimeshaangalia saa za basi la kurudi.

"Unajua kwa nini hakukuwa na bilatu?" aliuliza bila kugeuka. "Siku ile ninavuka, miguu yangu ilikuwa inavimba, bilatu byangu bilikataa kuingia. Mama akavua byake, byekundu bya plastiki, akanivalisha yeye mwenyewe, anapiga magoti chini. Nikamwambia, na wewe? Akasema, mi naenda wapi?" Akafuta kioo kwa mkono ingawa kilikuwa safi. "Kama angekuwa na bilatu byake, bingebakia mu beseni. Ungebiona."

Nilijaribu kusema si kosa lake. Alinikatiza kwa mkono.

"Nyamaza. Usinigawie. Yako ni yako, na yangu ni yangu."

Alinitandikia kochi. Kwa miezi mitatu baada ya hapo Jumapili zilipita bila simu, na nilizihisi kila moja. Mzee Hayashi hakuniuliza kitu. Alivipanga tu viatu vyangu kila asubuhi nilipoingia, mpaka vuli alipofariki, nami nikavipanga vyake kwa mara ya mwisho, ncha zikitazama nje.

Sifa alinipigia kutoka Ubwari. Upepo wa ziwa uliingia kwenye simu, nikaufahamu. Alisema Etabo amejengewa vizuri. Alisema pembeni yake ameweka jiwe la ufukweni, bila simenti, bila jina, kwa kuwa chini yake hakuna mtu.

"Ni kadogo," alisema. "Kanaenea mu mukono."

Halafu tukasikiliza upepo, sote wawili, mpaka salio lake likaisha. Hatujarudi kuwa kama zamani. Tunaongea, si kila Jumapili.

Daftari la Mzee Hayashi niliachiwa mimi. Nyuma, kwenye kurasa tupu, nimeandika historia ya utumishi wa Subira kwa mtindo ule ule alionifundisha. Ilichukuliwa Baraka. Ilipeleka risasi kusini. Ilirudi na majeruhi na mbuzi. Safari ya tatu nimeiacha mstari mtupu. Na mwisho kabisa: Iliondoka Baraka saa sita za mchana, watu hawakuhesabiwa. Ilifika Ubwari. Viatu vyote vilichukuliwa. Jiwe moja halikuwekwa.